Tope la Mwisho wa Masika: Jinsi ya Kusafisha Njia ya Kuingilia Nyumbani

Kila mwaka ikifika Machi maswali huwa ni yaleyale. Msomaji wa Ipole anauliza afanyeje na tope lililojaa kutoka barabarani hadi mlangoni kwake. Wa Sikonge mjini anauliza kama mchanga utasaidia. Wa Kitunda ana bani lenye tumbaku iliyokwisha kukauka, na Fuso haliwezi kulifikia. Leo nawajibu wote kwa pamoja, na jibu lenyewe nalitanguliza: shughulikia maji kwanza, tope baadaye. Anayeshika koleo kabla ya kuyapa maji mahali pa kwenda atachota tope hilohilo tena kesho kutwa.

Ninazungumzia njia ya kuingilia, zile mita ishirini au hamsini kutoka barabara ya kijiji hadi uani, kwenye bani, ghala au zizi. Barabara kuu ya kutoka Tabora kupitia Sikonge, Ipole na Koga hadi Mpanda sasa ni lami, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mama mwenye uchungu wa uzazi hayuko kwenye lami. Yuko ndani, nyuma ya dimbwi, na gari la kumpeleka hospitali ni lazima lifike hapo.

"Si litakauka lenyewe?"

Litakauka. Mvua za Tabora ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na ikifika Juni njia yako itakuwa ngumu kabisa. Tatizo ni kwamba itakauka pamoja na mashimo yake. Kila mfuo wa tairi na kila shimo la kwato litagandamana vilevile lilivyo, na mvua za kwanza za Novemba zitaanza kujaa humohumo. Mwaka unaofuata tope linaanza mapema zaidi na linakwenda chini zaidi.

Halafu tumbaku haingoji Juni. Magari yanaanza kutafuta marobota wakati njia nyingi za vijijini bado ni mbichi, na dereva akiona njia mbaya anakutaka ubebe mzigo kichwani hadi barabarani, au anakuruka.

Jua una tope la aina gani

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu wanafuata ushauri wa jirani ambaye udongo wake si kama wao. Chukua donge mkononi, ulifinye.

- *Likimomonyoka na kukwaruza vidole,* ni mchanga ulioletwa na maji kutoka juu, wenye asili ya ule udongo mwepesi ambao Wasukuma huuita luseni. Huu ndio rahisi kuliko wote. Unatoka kwa koleo, na chini yake kuna ardhi ngumu.
- *Likinata, likawa jeusi, na ukilivuta linarefuka,* hiyo ni mbuga. Mbuga huvimba ikilowa na hupasuka nyufa ikikauka. Ukiichimba hutafika mwisho, kwa hiyo usiichimbe.
- *Likinuka na kuwa na majani ndani,* ni tope la zizi, samadi na mkojo wa ng'ombe vilivyokanyagwa. Hili litoe lote. Halibebi gari hata likikauka, na ni mali kwa shamba la mahindi.

Njia moja inaweza kuwa na aina zote tatu. Ipole iko kwenye miombo, na mahali pengi nyumba ziko juu kwenye kichanga huku njia ikivuka ubapa wa mbuga kabla ya kufika barabarani. Basi kila kipande kitendee kwa namna yake.

Siku ya kuanza

Usianze mvua ikinyesha, wala asubuhi ya siku iliyofuata mvua kubwa. Tope jepesi la maji linarudi shimoni kabla hujageuka. Subiri siku mbili au tatu za jua, hadi ukichoma koleo tope likatike na kubaki na umbo lake. Ukichelewa wiki mbili za jua kali, hasa kwenye mbuga, litakuwa limeshika na utahitaji sururu. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili mvua hukatika kidogo na kurudi. Vizia nafasi hizo.

Kazi ya kutoa maji, hata hivyo, haina siku. Hiyo unaweza kuifanya leo, hata kwa jembe moja, hata kukiwa na manyunyu. Mvua ikinyesha ndiyo nzuri zaidi, maana unayaona maji yanakotoka na yanakotaka kwenda.

Vifaa

Huhitaji vingi. Koleo lenye mdomo bapa, jembe, na karai au toroli. Ongeza sururu kwa sehemu zilizoshika, reki ya chuma ya kusawazishia, na gogo zito au kipande cha nguzo cha kushindilia. Vaa gambuti. Kwenye tope la njiani kuna misumari, vipande vya chupa na miiba, na jeraha lililoingia samadi ni mlango wa pepopunda. Paka koleo mafuta machafu ya injini au mafuta ya kupikia yaliyotumika kabla ya kuanza, kisha rudia kila linapoanza kushika. Tope la mbuga likinata kwenye bati unabeba uzito mara mbili bila faida.

Hatua kwa hatua

1. *Funga njia.* Weka gogo au kamba. Bodaboda ikipita juu ya kazi ambayo haijakauka inaiharibu, na ng'ombe wakipita wanaiua kabisa. Watengenezee ng'ombe njia nyingine kwa wiki nzima, na kama unaweza, kwa kudumu.

2. *Tafuta maji yanakoingilia.* Yanaweza kuwa yanatoka paa la bati, shamba la juu, au kwenye mtaro wa barabara uliojaa. Kata mfereji wa kuyazuia upande wa juu wa njia, uyapitishe pembeni kabla hayajaingia. Mara nyingi mfereji mmoja wa kina cha koleo moja unatosha.

3. *Toa maji yaliyosimama.* Kutoka kwenye kila dimbwi kata mfereji mwembamba kwenda upande wa chini. Uwe na mteremko mdogo tu, sentimita moja au mbili kwa kila mita. Ukiwa mkali sana utakula udongo na mwakani utakuwa korongo. Kama jicho halikuonyeshi mteremko uko wapi, azima ule mpira mwembamba unaopitisha maji ambao mafundi ujenzi hupimia usawa. Hauongopi.

4. *Acha pakae usiku mmoja.* Watu wana haraka, wanaruka hapa. Usiku huo mmoja unaokoa nusu ya kazi, kwa sababu maji yaliyotoka yenyewe huyabebi.

5. *Chota tope la juu.* Anzia upande wa chini, karibu na mfereji, ukipanda kwenda juu, ili maji yanayobaki yaendelee kukukimbia. Chukua tabaka jembamba. Ukigusa ardhi ngumu, simama.

6. *Vunja mifuo ya tairi.* Usiijaze tope. Chimbua kingo zake, changanya na udongo mkavu, rudisha, shindilia kwa gogo.

7. *Rudisha mgongo wa njia.* Kwa njia ya upana wa mita tatu, katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita saba au nane baada ya kushindilia. Anza na kumi, maana udongo hushuka. Njia bapa hutuamisha maji, na njia iliyobonyea katikati ni mto.

Rudia kusoma hatua ya tano. Watu wanapenda kuendelea kuchimba wakiamini wanasafisha. Kila karai la udongo mzuri unaloliondoa linaishusha njia, na njia iliyo chini kuliko ua na shamba itapokea maji ya kila upande. Tazama njia za ng'ombe za miaka mingi kuelekea mabwawani. Zilianza zikiwa sawa na ardhi, leo mtu anapita humo mabega yakiwa chini ya usawa wa majani. Ondoa kilicholetwa na maji tu. Ukiondoa zaidi ya hapo, unadaiwa. Rudisha udongo mwingine mahali pake.

Tope liende wapi

Hili lina ugomvi mwingi, na ugomvi huo unaepukika.

- Usilirundike upande wa juu wa njia. Mvua moja litakuwa limerudi lote.
- Usilitupe kwenye mtaro wa barabara wala mdomoni mwa kalavati. Unaziba maji ya kijiji kizima, na yatarudi kwako kwanza.
- Usililaze kwenye shina la mwembe. Gome lililofunikwa udongo mbichi huoza.
- Usilisukume kwa jirani wa chini. Nenda mkaongee kwanza. Huenda analihitaji.

Tope la mchanga lipeleke kwenye mashimo ya uani au uliweke pembeni likauke, utalitumia kuchanganyia. La zizi lipeleke shambani au bustanini. La mbuga, kama umelazimika kulitoa, litandaze kwenye majaruba ya mpunga, lina rutuba na linashika maji.

"Nimwage nini juu yake?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Majibu mafupi kwanza.

*Mchanga juu ya mbuga mbichi:* hapana. Utamezwa kabla ya wiki kwisha, na fedha yako pamoja nao.

*Pumba za mpunga, maganda ya karanga, magunzi:* kwa siku moja ya dharura tu. Yanaoza, yanashika maji, na pumba zikilowa zinateleza kuliko tope lenyewe.

*Vipande vya tofali za kuchoma:* ndiyo, kwenye mifuo ya tairi, vikipondwa na kushindiliwa. Vipande vikubwa visivyopondwa hujitokeza na kukata tairi.

*Moramu:* ndiyo, ni bora kuliko vyote vilivyo karibu nasi. Imwage njia ikiwa imekwisha kutoa maji, kwa matabaka ya kama sentimita kumi, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya kuweka jingine. Fuso zima lililomwagwa mara moja bila kushindiliwa litakuwa tope jekundu masika ijayo.

*Udongo wa kichuguu:* ndiyo, lakini kwa kuchanganya. Vichuguu tunavyo vingi, na udongo wake unashika vizuri sana ukikauka. Ukiumwaga peke yake utateleza kwenye mvua. Uchanganye na moramu au mchanga wa chenga, kichuguu kikiwa kidogo kuliko mwenzake, umwagie maji kidogo, ushindilie. Usichimbe kichuguu kilicho karibu na msingi wa nyumba, na kagua mashimo kwanza, kwani kifutu na swila hupenda kukaa humo.

Kwa kipande cha mbuga ambacho hakikwepeki, inua njia badala ya kuichimba. Laza mabanzi kutoka kiwanda cha mbao yakikatiza njia, yakibanana, kisha weka juu yake moramu isiyopungua sentimita kumi na tano, na uchimbe mifereji pande zote mbili. Mchwa watayala mabanzi baada ya misimu michache, lakini kufikia hapo tuta la moramu lililo juu yake litakuwa limejishika. Usikate miti hai kwa kazi hii. Ipole imezungukwa na misitu ya hifadhi na ardhi ya jumuiya ya uhifadhi wa wanyamapori, na mti uliokatwa bila kibali una gharama kuliko moramu.

Uzito: hapa naomba unisikilize

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ikijaa tope zito inapita kilo 30. Toroli la lita 60 likijaa tope linapita kilo 100. Sasa piga hesabu ya njia ya mita 20 kwa upana wa mita 3, tope likiwa sentimita 10: hizo ni mita sita za ujazo, karibu tani kumi. Tani kumi kwa mgongo wa mtu mmoja si kazi ya asubuhi.

Ndugu zetu walioko Minnesota na Toronto wana shughuli inayofanana na hii. Mwishoni mwa majira yao ya baridi theluji huanguka ikiwa imelowa, nzito, nao hulazimika kuiondoa ili gari litoke. Huko madaktari wa moyo hutoa onyo kila mwaka, kwa sababu watu wasiozoea kazi ngumu hushika koleo ghafla, wakabana pumzi, na moyo ukashindwa. Onyo hilo linatuhusu pia. Mzee wa miaka sitini mwenye shinikizo la damu asiingie kwenye tope kwa sababu tu vijana wamechelewa kuamka.

- Jaza koleo nusu. Karai nusu. Toroli nusu.
- Nyanyua kwa magoti, mzigo ukiwa karibu na tumbo.
- Usipinde kiuno huku umebeba. Geuza miguu, mwili wote ufuate.
- Badilisha upande wa kushika koleo mara kwa mara.
- Anza alfajiri, pumzika jua likichoma, kunywa maji au uji. Pombe ya kazi iwe baada ya kazi.
- Ukisikia kifua kinabana, mkono wa kushoto unauma au jasho baridi linakutoka, weka koleo chini na uende kituo cha afya. Usisubiri kumaliza kipande.

Msaragambo wa majirani watano kwa asubuhi mbili unamaliza kazi ambayo ingekuvunja wewe kwa wiki mbili. Wakija kwako, nawe uende kwao.

Makosa yanayorudiwa

*Kukwepa dimbwi kwa kupita pembeni.* Leo unapita kulia, kesho kulia zaidi, na mwezi ujao njia ya mita tatu ina mita kumi, yote tope, na mihogo ya jirani imeliwa na matairi. Misafara ya zamani kwenye njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikuwa na mamia ya wapagazi, na bado masika iliiweza. Mpelelezi Stanley alisota kwenye tope la Makata, Morogoro, masika ya 1871, kabla hata hajafika Unyamwezi. Alipoondoka Kwihara, karibu na Tabora, kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, akizunguka kusini kukwepa vita ya Mtemi Mirambo, ilikuwa Septemba, ardhi imekauka. Sisi hatuwezi kusubiri Septemba, kwa hiyo tutengeneze njia ileile badala ya kufungua nyingine kila wiki.

*Kuita katapila mapema.* Wengine wananiambia, "Nitakodi mtambo siku moja, basi." Mtambo mzito kwenye udongo uliolowa unakandamiza maji chini na kuchimba mashimo mapya, na dereva wake hukwangua hadi ardhi nzuri ikaondoka. Mtambo ni wa Juni au Julai, na uwe na mtu wa kumwonyesha dereva mwisho wa kukwangua.

*Kusahau paa.* Bati la nyumba linamwaga maji mengi mahali pamoja. Mfereji wa bati na simtank vinakuondolea tope na kukupa maji ya kunywesha mifugo. Gharama ipo, lakini inarudi.

*Kuacha mashimo ya kuchota udongo yakae na maji.* Hapo unafuga mbu karibu na kitanda cha mtoto. Yafukie au uyatolee mfereji.

Gari likikwama kabla hujamaliza

Mwambie dereva aache mafuta. Tairi linalozunguka bila kusogea linachimba kaburi lake. Shusha abiria na mzigo, ondoa tope lililo mbele ya kila tairi na chini ya difu, tandika mabanzi au majani makavu, punguza upepo wa matairi kiasi, kisha litoke kwa gia ndogo na mwendo mmoja usiokatika. Wanaosukuma wakae pembeni, wasikae nyuma ya tairi. Kamba ya kuvuta ikikazwa kila mtu asogee mbali nayo, kwani ikikatika inaua. Gari likishatoka jaza upepo kabla ya kuingia lami.

Njia yako inapokutana na barabara

Kwa barabara zilizo chini ya TANROADS, pamoja na ile ya Ipole kwenda Rungwa, Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA tangu 2017. Usifukie mtaro wao ili gari lako lipite, na usiweke kalavati bila kibali. Andika barua ya maombi, ipitishe serikali ya kijiji. Mtaro wao ukiwa umeziba na maji yanaingia kwako, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji mapema, ukiwa na picha za simu zenye tarehe. Malalamiko ya Februari yenye picha yana nguvu kuliko ya Agosti yenye maneno matupu.

Kama kuna bomba la maji linalopita chini ya njia, uliza limelazwa wapi kabla ya kupiga sururu. Mabomba ya vijijini mara nyingi hayako chini sana.

Baada ya hapo

Fungua njia kwa waenda kwa miguu kwanza, kisha pikipiki, magari mwisho, baada ya siku tatu nne za jua. Juni na Julai, ardhi ikiwa ngumu, ongeza tabaka la moramu kama mfuko unaruhusu. Oktoba pita na jembe tena: fukua mifereji, ondoa majani ya miembe yaliyoziba, rudishia mgongo ulioshuka. Ni kazi ya siku moja kwa watu wawili. Mvua za kwanza hufika Novemba, na hufika usiku; mifereji iwe tayari kabla yake.